Siku 11 Italia na mama anayeumwa magoti: nini kibaki, nini kiachwe

Swali: "Mimi na mama tunatoka Mombasa na inshallah tutakuwa Italia siku 11 mwezi wa Mei. Mama ana miaka 66. Kwenye tambarare anatembea vizuri, ila ngazi humtesa magoti. Nimeandika Milan, Venice, Pisa, Florence, Cinque Terre, Roma, Pompeii na Amalfi. Nizipange vipi tusikose kitu? Na chakula je, maana sisi ni Waislamu?"

Jibu:

Dada yangu, orodha yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili magoti yangu ndiyo yaliyouma. Tufanye hesabu kwanza. Siku ya kufika na siku ya kuondoka si siku, zinabaki tisa. Kila mnapohama mji mnapoteza nusu siku: kufunga mizigo, kurudisha ufunguo, kwenda stesheni, kusubiri, kutafuta hoteli mpya, kisha kuambiwa chumba hakiko tayari mpaka saa tisa alasiri. Mkihama mara sita tu, siku tatu zimekwenda na masanduku. Zinabaki sita kwa sehemu nane. Hapo mama hataiona Italia, ataona madirisha ya treni.

Kazi yangu ni kutembeza wageni hapa Roma, mwaka wa kumi na tatu sasa, na wengi ni watu wa kwetu: Mombasa, Nairobi, Dar, Unguja. Wanaorudi nyumbani na hadithi ni wale waliolala sehemu chache. Kwa hiyo sitakupangia hizo sehemu zote nane. Nakupa vituo vitatu, na cha tatu hukukiandika kabisa: Roma usiku nne, Napoli (kituo cha kwendea Pompeii na Amalfi) usiku tatu, usiku mmoja melini, Palermo usiku mbili. Kata tiketi ya ndege ya kuingilia Roma na kutokea Palermo, msije mkarudi nyuma nchi nzima kufuata ndege.

Najua unauliza Milan imekwenda wapi. Milan ya zamani kidogo mnayo huko huko. Fort Jesus ilichorwa na Giovanni Battista Cairati, fundi wa Milan aliyekuwa akiwatumikia Wareno, na ilijengwa kuanzia 1593 hadi 1596. Mama amekulia chini ya kuta za Mtaliano huyo. Pisa ni uwanja mmoja mzuri sana na mnara, saa mbili umemaliza, lakini kuufikia na kurudi ni siku nzima. Cinque Terre ni vijiji vitano vilivyobandikwa kwenye majabali. Ukiwa na magoti mazima ni pepo, ila ukishuka kwenye treni Corniglia unakuta ngazi karibu 380 za kupanda kijijini, na basi dogo hujaa. Florence naiondoa kwa uchungu, nakiri. Venice nitairudia mwishoni, maana kwa Venice mwenye neno ni mama.

Sasa Roma. Adui wa mama hapa si ngazi, ni mawe: vile vijiwe vyeusi vya mraba vilivyotandazwa katikati ya mji, wenyewe wanaviita sampietrini. Vimepishana kimo, vikinyeshewa vinateleza, na sanduku la magurudumu juu yake hulia kama mkokoteni. Mnunulie mama viatu vya soli nene ya mpira, avivae nyumbani wiki mbili kabla ya safari. Sandali za harusi zibaki Mombasa. Mkiona bomba la chuma la barabarani linatiririka maji bila kufungwa, kunyweni na mjaze chupa. Roma ina mabomba kama hayo zaidi ya 2,000, na maji yake ni safi na baridi.

Hoteli: tafuta yenye lifti, halafu uulize lifti inaanzia wapi. Usicheke. Niliwahi kumwekea mgeni hoteli iliyoandika waziwazi kuwa ina lifti. Ilikuwepo kweli, ndogo kama kabati, ila ilianzia ghorofa ya kwanza, na kuifikia lazima upande ngazi 22 za marumaru. Mgeni mwenyewe alikuwa na fimbo. Tangu siku hiyo naandika swali langu hivi: "Kutoka barabarani mpaka kitandani kuna ngazi ngapi?" Wakikujibu kwa namba, hao wameelewa.

Colosseum, ule uwanja wa kale wa michezo, ilianzwa na mfalme Vespasian na kuzinduliwa na mwanawe Titus mwaka 80. Tiketi ya kawaida ni euro 18, inakuingiza pia Forum, magofu ya uwanja mkuu wa Warumi wa kale, na kilima cha Palatine, na huanza kuuzwa mtandaoni siku 30 kabla ya siku yenyewe. Kila tiketi ina jina la mtu na mlangoni wanaangalia pasipoti. Kwa hiyo andika jina la mama kama lilivyo kwenye pasipoti, yote matatu, si lile mnalomwita nyumbani. Chukua nafasi ya kwanza ya asubuhi. Ghorofa ya juu ina lifti, mwoneshe mlinzi magoti ya mama atawaelekeza. Forum mwiache: mawe yake ya barabara ni ya Warumi wenyewe, kila jiwe ukubwa wa sinia, na kati ya jiwe na jiwe mguu unazama. Inaonekana vizuri zaidi kwa juu, ukisimama kwenye ukuta nyuma ya kilima cha Capitolium jua likielekea kuzama.

Mkiwa upande huo, nendeni mpaka Porta Capena, karibu na jengo kubwa jeupe la FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa. Jengo hilo lilianza kujengwa kwa ajili ya wizara ya makoloni ya Italia katika Afrika. Mbele yake, tangu 1937, ilisimama nguzo ya jiwe ya Axum, iliyobebwa kutoka Ethiopia, na ilirudishwa kwao 2005. Hakuna cha kupiga picha pale, magari tu yanazunguka. Mimi hupenda kuwaonesha wageni hata hivyo.

Kitu kimoja cha Roma ambacho nisingekubali mama akikose ni Pantheon, hekalu la kale la Warumi. Hakuna ngazi, unaingia tambarare. Tiketi ni euro 5. Ilijengwa enzi za mfalme Hadrian, karibu miaka 1,900 iliyopita, na kuba lake la zege lisilo na chuma hata kimoja bado ndilo kubwa kuliko yote ya namna yake duniani: upana mita 43.3, na kutoka sakafuni hadi juu ni mita hizohizo 43.3, yaani mpira mzima ungekaa ndani yake. Katikati ya kuba kuna tundu la wazi, halina kioo wala kifuniko. Mwanga wa jua unaingia hapo kama sahani, unatambaa ukutani polepole. Ukikaa nusu saa unauona umehama. Mvua ikinyesha inanyesha ndani, na sakafu imeinuliwa kidogo katikati ili maji yateremke kwenye vitobo vidogo vya marumaru. Mtafutie mama benchi, akae aitazame ile sahani. Benchi zipo.

Ngazi za Spanish Steps mzitazame kwa chini, na mama akichoka asiketi pale. Tangu 2019 kuketi ni marufuku, askari hupiga filimbi, na faini yake haina mzaha.

Vatican inataka asubuhi nzima. Makumbusho yake hufungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi ambayo ni bure, na kwa sababu ni bure ni vurugu tupu. Msiende siku hiyo. Jumatano asubuhi Papa huonana na watu uwanjani, kwa hiyo upande wa kanisa hujaa. Ndani ya makumbusho kuna lifti na wanaazimisha viti vya magurudumu bila malipo. Mama akikataa kiti kwa kuona haya, mwambie njia ya kwenda Sistine, lile kanisa dogo lenye dari la picha, ni ndefu kuliko anavyodhani. Dari la Sistine alilichora Michelangelo kuanzia 1508 hadi 1512, picha hairuhusiwi kupigwa, na shingo itauma. Kuba la kanisa la San Pietro lina ngazi 551. Lifti inaondoa sehemu tu na zinabaki 320, tena za kupinda ndani ya ukuta. Hapana. Kuhusu mavazi msiwe na wasiwasi: sheria ni mabega na magoti yafunikwe, na buibui la mama litapita bila swali. Wanaorudishwa mlangoni ni wenye kaptula.

Ijumaa kuna Msikiti Mkuu wa Roma, kaskazini mwa mji, uliochorwa na Paolo Portoghesi na kufunguliwa 1995. Ndani nguzo zake zinapanda na kuchanua juu kama shamba la minazi. Na jambo ambalo wageni wetu wote hulifurahia bila kutarajia: chooni hamtahangaika na kopo. Sheria ya Italia ya 1975 inataka kila nyumba iwe na bidet, karai la kujisafishia kwa maji kando ya choo, na hoteli karibu zote zinayo.

Chakula, basi, kwa kuwa tumefika chooni kabla ya mezani. Nguruwe wa Italia hajifichi kwenye nyama tu. Pasta za carbonara na amatriciana zina mashavu ya nguruwe, hiyo wengi wanajua. Wasilolijua ni strutto, mafuta ya nguruwe, ambayo huingia kwenye unga. Sfogliatella ya Napoli, ile keki ya matabaka kama shela, kwa desturi ina strutto. Taralli za pilipili manga za Napoli pia. Ganda la cannoli la Sisilia mara nyingi hukandwa kwa strutto na mvinyo wa Marsala. Keki ya babà imeloweshwa rum, ukiinusa tu utajua. Kwa hiyo swali lako lisiwe "kuna nyama ya nguruwe?" peke yake. Jifunze mawili: "C'è maiale?" na "C'è strutto?" Wauzaji hawachukii kuulizwa, wazee wa mikate ndio kwanza watakueleza kwa mikono yote miwili.

Kinachobaki ni kingi. Pizza ya kweli ya Napoli ni unga, maji, chumvi na hamira. Marinara juu yake ina nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta ya zeituni, hata jibini haina. Roma, upande wa Portico d'Ottavia, kuna mtaa wa kale wa Wayahudi wenye migahawa ya kosher ambamo nguruwe haingii kabisa. Kuhusu nyama yao mtaamua wenyewe, ila zile artichoke, mboga ya vitumba vya maua, za kukaangwa, zikafunguka kama ua la alizeti, zileni bila kuuliza. Kahawa inywewe kwa kusimama kwenye kaunta, ukiketi bei hupanda. Kwenye bili mtaona neno coperto: hayo ni malipo ya kukalia meza, hamjaibiwa. Hotelini nako mtadaiwa kodi ya mgeni kwa kila usiku, nje ya bei ya chumba.

Roma kwenda Napoli kwa treni ya mwendo kasi ni saa moja na dakika kumi hivi. Tiketi za treni hizi hupanda bei kadiri siku inavyokaribia, nunua mapema. Zile treni za mkoa bei yake haibadiliki, lakini zina mtego: tiketi ya karatasi lazima uigonge kwenye kimashine kilicho stesheni kabla ya kupanda. Mwaka wangu wa kwanza nilikaa dirishani na tiketi yangu mpya mkononi, najiona raia mwema. Mkaguzi akaigeuza, akaona haina muhuri wa saa, akaniandikia faini iliyozidi nauli mara kumi. Nikamwambia nimelipa. Akaniambia ndiyo, umelipa, lakini hujasafiri.

Napoli itamshtua mama saa moja ya kwanza, halafu atajisikia nyumbani. Pikipiki zinapita vichochoroni kama bodaboda za Mwembe Tayari, nguo zimeanikwa juu ya vichwa vya watu, kikapu kinateremshwa kwa kamba kutoka roshani kwenda kuchukua mkate. Mitaa ya jirani na Piazza Garibaldi ina wahamiaji wengi na mabucha ya halali, lakini kulala laleni mbali kidogo na stesheni, na mkoba uwe mbele ya tumbo.

Pompeii au Ercolano (Herculaneum), miji miwili iliyozikwa na volkano ya Vesuvius? Wengi watakuambia Pompeii bila kufikiri. Mimi kwa mama yako nachagua Ercolano, na sababu imo kwenye namna miji hii ilivyokufa. Vesuvius ilipolipuka mwaka 79, Pompeii ilinyeshewa vijiwe vyepesi saa nyingi, mapaa yakaanguka, ndipo moto ukaja. Ercolano ilifunikwa na mawimbi ya majivu ya moto yaliyogandamana, sehemu nyingine kufikia kina cha mita 20. Mbao zikageuka makaa bila kuteketea. Ndiyo maana Ercolano utaona ghorofa za juu zimesimama, boriti za milango, kitanda, na katika nyumba moja kizuizi cha mbao cha kukunja kilichotenganisha sebule, kikiwa na vishikio vyake vya shaba. Pompeii ina hekta kama 66, theluthi moja bado haijachimbwa, kivuli hakuna. Ercolano unaizunguka saa mbili.

Simameni kwenye duka moja la chakula pale. Kaunta imejengwa kwa mawe na kuvishwa vipande vya marumaru vya rangi visivyofanana, kama fundi aliokota masalio. Ndani ya kaunta zimezikwa mitungi, midomo yake ndiyo imechomoza juu, mviringo kwa mviringo, na mle ndimo muuzaji alimowekea nafaka na vitoweo. Nyuma kuna kichumba. Watu walikuja na bakuli, wakala wamesimama, wakaondoka. Kibanda cha mama ntilie, dada yangu, miaka 2,000 iliyopita. Mgeni wangu mmoja kutoka Tanga, mwenyewe muuza chakula, aliiinamia ile kaunta akasema tu, "Wameiweka fupi mno, mgongo utauma."

Halafu mteremke mpaka ilipokuwa pwani ya zamani. Yale matao ya kuwekea mashua, yalipoanza kuchimbwa 1980, yalikutwa yamejaa watu: mifupa ya takriban watu 300 waliokimbilia baharini kungoja kuokolewa. Si kila mtu anataka kutazama. Mwambie mama mapema ili achague.

Na hili ndilo vitabu vya watalii husahau: kutoka stesheni ya Ercolano Scavi hadi lango ni mteremko wa dakika kumi, kwa hiyo kurudi ni mlima. Kateni teksi ya kurudi. Kama moyo wa mama uko kwa Pompeii kabisa, ingieni kwa lango la Piazza Anfiteatro, ambako kuna njia iliyosawazishwa ya zaidi ya kilomita tatu kwa watu wasioweza mawe. Siku hizi Pompeii nayo inauza tiketi zenye majina na haipokei zaidi ya watu 20,000 kwa siku. Vitu vizuri vilivyotoka miji yote miwili viko Makumbusho ya Akiolojia ya Napoli, ambayo hufungwa Jumanne.

Amalfi msiende kwa basi. Barabara ni nyembamba, mabasi hujaa, na mama atasimama kwenye kona mia. Pandeni treni mpaka Salerno, kisha boti. Kwa Mei boti zinafanya kazi, na safari haizidi dakika 40 hivi. Tena pwani ile iliumbwa itazamwe kutoka baharini: majabali, mashamba ya malimau ya ngazi kwa ngazi, nyumba zimening'inia. Amalfi penyewe gati na uwanja viko karibu, ingawa kanisa kuu lina ngazi 62 ambazo mama atazitazama akiwa na barafu ya limau mkononi. Positano mwiangalie tu kwa mbali. Mji ule wote ni ngazi.

Siku ya nane jioni pandeni meli ya usiku kwenda Palermo, mchukue chumba cha vitanda viwili. Ndege ni saa moja tu, najua. Lakini nyinyi ni watu wa pwani. Kukaa sitahani mnaiacha ghuba ya Napoli, Vesuvius ikiwa nyeusi nyuma yenu, kisha mnaamka mnauona mlima wa Palermo unatoka kwenye ukungu, hiyo nayo ni sehemu ya safari, na mmeokoa bei ya chumba cha hoteli.

Kwa nini Palermo, na hukuiandika? Waislamu waliuteka mji huu mwaka 831 na kuutawala mpaka Wanormani, wapiganaji Wakristo wa kutoka kaskazini mwa Ufaransa, walipouchukua 1072. Wafalme wa Kinormani hawakufuta walichokikuta, walikiajiri. Mfalme Roger II alimweka katika baraza lake Muhammad al-Idrisi, mwanajiografia, akamtuma kukusanya habari za dunia yote, na kitabu kikamilika 1154 pamoja na ramani iliyochorwa kwenye sahani kubwa ya fedha. Katika kitabu hicho, kilichoandikiwa mfalme Mkristo huko Palermo, imo Malindi, na imo Mombasa. Ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo kabisa kutaja mji wenu kwa jina.

Nendeni kwenye kanisa kuu la Palermo, ukumbi wa nje upande wa kusini. Nguzo ya kushoto mwa mlango imechongwa mistari ya Kiarabu, hati iliyolika kidogo. Ni aya ya Surat Al-A'raf. Watalii hupita wakiipapasa bila kujua. Siku moja nilikuwa na mzee wa Lamu pale, akaweka miwani, akaanza kuisoma kwa sauti ndogo, na mlinzi wa kanisa akasogea karibu kumsikiliza. Hakuna aliyesema neno.

Cappella Palatina, kanisa dogo la wafalme hao, iko ndani ya jumba lao, ghorofa ya kwanza, ngazi zake pana zisizo na haraka. Roger II ndiye aliyeijenga. Kuta ni dhahabu tupu, vijiwe vidogovidogo vya kioo kwa mtindo wa Konstantinopoli, lakini mwinue mama kichwa: dari ni la mbao, limechongwa vijichumba kama sega la nyuki, na ndani ya kila kijichumba mafundi wa Kiislamu wamechora watu wanacheza sataranji, wapiga ala, ngamia, na pembeni dua za baraka kwa hati ya Kufi. Chukua darubini ndogo. Nasema kweli, bila darubini nusu ya dari hilo inakupita. Jumba hilo pia ndilo bunge la Sisilia, kwa hiyo vyumba vingine hufungwa siku za vikao.

Jumba la Zisa nalo msiliache. Jina limetoka al-Aziza, ndilo hilo azizi letu. Ukumbi wake wa chini una chemchemi ukutani na mfereji sakafuni, upepo unapita juu ya maji na kupoza nyumba, ujanja wa karne ya 12. Monreale iko juu kilimani, basi au teksi. Vijiwe vyake vya dhahabu vimefunika zaidi ya mita za mraba 6,000, na viti vipo vya kutosha.

Mchana kuleni Ballarò, sokoni. Panelle ni unga wa dengu uliopikwa, ukakatwa, ukakaangwa, ukatiwa ndani ya mkate: mama atasema ni bhajia zilizolala. Arancine, yale mabumunda ya wali, ulizeni kilicho ndani, kwani ile iitwayo "burro" huwa na ham, na ya nyama huenda ikawa ya mchanganyiko. Pasta ya dagaa na zabibu kavu haina shaka yoyote, na ladha yake ni ya kwetu kuliko ya Milan.

Viza iombwe kwa Italia, kwa kuwa ndiko mnakolala usiku wote. Ada ni euro 90, bima ya safari iwe ya kuanzia euro 30,000, na maombi yanapokewa hadi miezi sita kabla. Anza miezi mitatu kabla, na tiketi isiyorudishwa fedha usiinunue kwanza. Mpakani sasa wanachukua alama za vidole na picha ya uso kwa mfumo mpya, foleni ni ndefu, mama awe na kitu cha kukalia.

Sasa Venice. Muulize mama leo usiku, bila kumshawishi: ukifumba macho ukisema Italia, unaona nini? Akijibu maji na mashua, futa Napoli na Palermo, bila majuto. Mtalala Roma usiku nne, Florence usiku mbili mkiwa njiani, Venice usiku nne. Venice ina madaraja zaidi ya 400 na karibu yote ni ngazi, kwa hiyo msilale popote ila hatua chache kutoka kituo cha vaporetto, ile boti ya abiria, pasipo daraja hata moja katikati. Mwenye hoteli atakuambia. Wanaolala mjini hawalipi ile ada ya wageni wa siku moja iliyoanza 2024, ila lazima wajiandikishe. Gondola bei ya mchana ni euro 90 kwa nusu saa, kwa mashua nzima, si kwa mtu. Mimi ningenunua tiketi ya vaporetto ya siku kadhaa, nipande namba 1 usiku baada ya saa tatu watu wakiwa wamepungua, nimkalishe mama viti vya mbele nje, na tuupite Canal Grande, mfereji mkuu wa mji, wote mpaka mwisho, kisha tubaki humo humo turudi.